Jina Lake Lilibaki Kazini

Kazini kwetu mtu alivaa sweta akiingia, siyo akitoka. Chumba cha kompyuta kilikuwa chini kabisa ya jengo la serikali, pale Nakasero, Kampala, si mbali na soko, na ile mashine ilikuwa haitaki joto hata kidogo. Kiyoyozi kilinguruma kutwa, sisi tunatetemeka, na huko juu makarani wanajipepea na magazeti. Nasema "sisi" kwa mazoea tu. Mwanzoni tulikuwa wengi. Halafu tukabaki wawili. Halafu mimi.

Walinichukua nilipomaliza sekondari kwa sababu nilijua hesabu, na kwa sababu waliokuwa wanaijua mashine walikuwa wanaondoka nchini mmoja mmoja. Nyumbani kwetu Kyebando tunaongea Kiswahili, maana babu ya babu yangu alikuja na biashara kutoka pwani akaoa huku. Lakini miaka ile Kiswahili changu sikuwa na wa kuongea naye. Baba alikwenda Mombasa kufuata bidhaa akaona heri abaki. Mama akamfuata na wadogo zangu. Mimi nikaambiwa nikae, kwa sababu nyumba isiyo na mtu ilikuwa inachukuliwa. Basi nikakaa. Jioni nilifungua redio isiyo na la maana ili kuwe na sauti, nikapika mhogo wa mtu mmoja, na kila mara nilikosea, nikapika wa watu sita.

Aliyenifundisha kazi nilimwita Mwalimu. Alikuwa mtu mpole wa miaka arobaini hivi, na yeye aliniita "Nnyabo Mkubwa", yaani bibi mkubwa, Kiganda na Kiswahili pamoja, kunitania, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na mdogo kuliko mimi.

"Kompyuta ina kazi za mbele na kazi za nyuma," aliniambia siku za kwanza. "Ya mbele ni kama mteja wa kinyozi. Amekuja na kadi zake za matundu, amekaa, amenyolewa, amekwenda. Ya nyuma ni kama mpishi wa harusi. Wageni hawamwoni. Lakini hebu mfukuze uone."

Kazi zetu za nyuma zilikuwa tatu. Moja ilitunza tepu, zile za kuhifadhia hesabu. Moja ilipanga foleni ya vitu vya kuchapwa na kuvilisha mashine ya kuchapa kimoja kimoja. Ya tatu aliitengeneza Mwalimu mwenyewe, tukaiita Mlinzi. Kila robo saa Mlinzi aliandika saa kwenye ile taipu ya mezani tuliyotumia kuiamuru kompyuta. Basi, hakuna kingine. Umeme wa Kampala ulikuwa unakatika utakavyo, na siku tulizoiacha mashine ikifanya kazi usiku, asubuhi tukiikuta imezimika tulitazama karatasi ya taipu. Saa ya mwisho iliyoandikwa ilituonyesha kazi ilifika wapi. Mlinzi alikuwa hamsumbui mtu. Kazi nyingine zikiwa na haraka, yeye anasubiri. Zikipumzika, anaandika.

Zote tatu tuliziwasha asubuhi kwa mpangilio: tepu kwanza, halafu foleni, halafu Mlinzi. Jioni tulizizima kinyumenyume. Na hapo ndipo Mwalimu na mimi tulipokuwa tunagombana, kwa sababu kuzima kulikuwa na amri mbili. Amri ya "kata" iliua programu palepale. Amri ya "maliza" iliiambia ikamilishe iliyonayo mkononi, ifunge vitu vyake, ndipo itoke. Na Mlinzi, ukimwambia maliza, alikuwa hajibu mpaka robo saa yake ifike, kwa sababu katikati analala.

"Nikate tu," nilikuwa nasema. "Amelala, atajua nini?"

"Wewe ukiamshwa kwa teke utafurahi?"

"Mwalimu, mimi natembea mpaka Kyebando. Giza linaingia."

"Basi tembea na haraka yako. Nitabaki namngoja mimi." Na kweli alibaki. Akanunua hata njugu, akakaa anatafuna mbele ya taipu kama mtu anayesubiri maji yachemke.

Kisha tukaletewa mkubwa mpya, kapteni wa jeshi. Siku zile ofisi nyingi zilipewa maofisa. Huyu wetu alikuwa mrefu, anavaa miwani ya jua hata ndani ya ngazi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. Wiki yake ya kwanza alikuta daftari la mahudhurio limejaa sahihi za watu ambao hawapo, wengine wamekwisha kuvuka mpaka zamani. Wenzao walikuwa wanawatilia sahihi. Alilichana mbele ya wote.

"Mutu nadanganya," alisema. "Mashine hapana danganya. Kila asubuhi mimi nataka mashine iandike nani iko kazini."

Mwalimu na mimi tulitazamana. Kompyuta haiwajui watu. Inajua tu programu gani inatembea na jina la nani liliiwasha. Lakini nani atamfundisha kapteni? Kila asubuhi nikawa naiamuru mashine iorodheshe kazi zote na wenyewe, napeleka karatasi juu. Tepu na foleni ziliwashwa kwa jina langu. Mlinzi kwa jina la Mwalimu, kwa sababu yeye ndiye mwenyewe. Sehemu nyingine za ofisi walikuwa wanatuma kadi zao mapema waingie kwenye orodha. Kapteni alitia alama ya kalamu nyekundu kila jina, akaridhika.

Halafu kifaa kimoja cha mashine kikaharibika, na Mwalimu akaruhusiwa kwenda Nairobi kutafuta spea. Aliondoka na mkoba mdogo. Spea ilifika, imebebwa na mfanyabiashara mmoja. Mwalimu hakufika. Yule mfanyabiashara alipitia nyumbani kwa Mwalimu na ujumbe mfupi kwa mkewe: sirudi, nifuateni kwa njia nyingine, vumilieni.

Mkewe ndiye aliyenieleza. Walikaa kwenye nyumba ya ofisi, juu kidogo ya Wandegeya, njiani kwangu. Nilimwita Shemeji. Alikuwa na mtoto mmoja mkononi na tumbo la miezi saba.

"Yeye alipita na ruhusa, njia iliyobaki ni ya miguu, usiku, porini," aliniambia, anashika mgongo. "Mimi na tumbo hili nitapita wapi? Mpaka nizae, na nipate nguvu."

"Basi subiri hapahapa."

"Kwa nyumba ya nani, mdogo wangu? Nyumba ni ya kazi. Siku wakijua bwana hayupo kazini, jioni yake kuna sajini anaingiza godoro lake hapa. Na mimi nitaulizwa amekwenda wapi."

Nilitoka pale nikiwa na moyo mzito, na ni katikati ya njia ndipo nilipokumbuka. Asubuhi ile, na zote za nyuma tangu aondoke, nilikuwa nimemwasha Mlinzi kama kawaida, kwa jina la Mwalimu. Sikuwa nimefikiria kitu, ni mazoea ya mkono tu. Na kila asubuhi kapteni alikuwa ametia alama nyekundu.

Mwalimu alikuwa bado yupo kazini. Mashine ilisema hivyo.

Kuanzia hapo nikaacha kuwasha kwa mazoea. Nikawa nawasha kwa kuogopa. Nilifika kabla ya makarani, navaa sweta, nawasha tepu, naingoja ijibu, nawasha foleni, naingoja, halafu naandika jina la Mwalimu herufi kwa herufi na Mlinzi anajibu kwa saa ya kwanza. Tak tak tak. Huo ulikuwa ndio mlio pekee uliokuwa unanisalimia siku nzima. Wapo watu walioshuka kuleta kadi, lakini siku zile watu hawakai kuongea. Unapokea kadi, unarudisha karatasi, kila mtu macho yake chini. Mtu usiyemjua vizuri ni mtu wa kuogopwa, na mimi nilikuwa msichana wa peke yake chini ya jengo anayefanya kazi isiyojulikana. Ningekuwa wao ningejiogopa pia. Nikaanza kuongea na Mlinzi. "Umechelewa leo," namwambia, na alikuwa hajachelewa, ni mimi tu nilikuwa na hamu.

Asubuhi moja nilikuta umeme ulikatika usiku na umerudi. Mashine nzima imelala. Nilikuwa nimechelewa kidogo kwa sababu ya kizuizi cha barabarani, wanajeshi wanataka vitambulisho, na nikaona sina muda wa kungojangoja. Nikawasha foleni bila kusubiri tepu ijibu. Foleni ikaitafuta tepu, haikuiona, ikaganda. Mashine ya kuchapa ikatema karatasi tupu mpaka zikajaa sakafuni. Hapohapo sajini wa kapteni akashuka.

"Afande nataka karatasi yake."

"Inakuja, afande."

"Mimi naona karatasi mingi hapa chini."

"Hizo hazina kitu."

Akaokota moja, akaigeuza huku na huku, akaitazama kwenye taa. "Kweli," akasema, kama mtu aliyetarajia nimdanganye.

Ningeweza kumpa orodha palepale, nikaiandika kwenye taipu hata bila mashine ya kuchapa. Lakini Mlinzi alikuwa bado hajawaka, na orodha ingetoka bila jina la Mwalimu. Nikajilazimisha kufanya kama Mwalimu. Nikaiambia foleni imalize, nikaingoja. Nikawasha tepu upya, nikaingoja. Sajini alikuwa anagongagonga meza kwa kidole na mimi nasimama kama mjinga natazama taipu isiyoandika. Tepu ikajibu. Foleni ikajibu. Nikaandika jina la Mwalimu, nikakosea herufi, nikarudia. Mlinzi akaandika saa.

"Sasa?" akasema sajini.

"Sasa, afande."

Aliondoka na karatasi yenye majina yote. Nilikaa chini juu ya zile karatasi tupu nikalia kidogo, halafu nikazikunja vizuri nimpelekee Shemeji. Karatasi nzuri zilikuwa hazipatikani, wala sabuni, wala sukari, ila kwa magendo, na mtoto angehitaji kila kitu.

Shemeji alizaa msichana. Mimi ndiye niliyekuwepo, pamoja na jirani mmoja mzee. Nilimshika mtoto nikaona nimeshika sababu ya Mlinzi, nzito kama papai.

"Bado kidogo," Shemeji akasema. "Nipate miguu."

Siku zile ndipo kapteni aliposhuka mwenyewe. Ilikuwa mchana. Nilikuwa nimempa mgongo, napanga kadi, na nyuma yangu taipu ikaanza: tak tak tak. Nikasikia sauti ya kiti kikigonga ukuta. Nilipogeuka kapteni amekwisha kusimama kando ya mlango, mkono kiunoni kwenye bastola.

"Nani nagonga?"

"Ni mashine, afande. Inajiandikia."

"Mimi hapana ona mutu."

"Hakuna mtu, afande. Ni programu. Iko nyuma, inaandika saa."

"Nyuma wapi?" Akachungulia kweli nyuma ya kabati la mashine. Nilitaka kucheka na nilitaka kukimbia. Alivua miwani. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala. "Na mwenzako iko wapi?"

"Ametoka, afande."

"Mashine nasema iko."

"Ndiyo, afande. Kazi yake ipo. Ndiyo hii inayoandika."

Nilisema kweli tupu, na sikuwahi kuogopa uongo kama nilivyoogopa kweli ile. Kapteni akavuta kiti akaketi mbele ya taipu. Akangoja. Sikujua la kufanya, nikaendelea kupanga kadi, nimezichanganya zote. Robo saa nzima alikaa kwenye ubaridi ule, mabega juu, mpaka Mlinzi akaandika tena. Alisogea akaisoma saa, akaangalia saa yake ya mkononi.

"Hii mutu nafanya kazi sana," akasema. "Hata chai hapana kunywa."

Akavaa miwani akapanda juu. Usiku ule sikulala. Nilimwambia Shemeji asubuhi, nikiwa njiani. Hakuuliza mengi. Alikuwa amekwisha kuanza kutembea ua mzima na mtoto mgongoni, anajipima.

"Mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge atanipitisha," akasema. "Anazijua njia zote. Wewe usije tena kunitazama. Pita tu barabarani. Siku ukiona pazia la jikoni halipo, jua tumekwenda. Na huyo bwana yako wa kwenye mashine, mwache apumzike. Jina likibaki na nyumba ni tupu, watakuuliza wewe."

Nilimwambia, "Sawa." Nilitaka kumwambia kwamba nikimzima nitabaki na nani. Lakini ni maneno ya kumwambia mtu aliyebeba watoto wawili kuvuka pori? Nikashika kidole cha mtoto, nikaenda kazini.

Nilipita barabarani asubuhi nyingi, pazia lipo, la maua ya manjano. Nilifikia mahali pa kuomba liwepo, halafu najiona mbaya. Halafu asubuhi moja dirisha lilikuwa jeusi, bila kitu. Sikusimama. Nilitembea mpaka Nakasero kwa mwendo uleule.

Jioni iliyotangulia nilikuwa nimeiacha mashine inatembea kwa sababu ya kazi ndefu ya hesabu, kwa hiyo Mlinzi alikuwa amekesha. Karatasi ya taipu ilikuwa imejaa saa za usiku mzima, moja chini ya nyingine. Nikahesabu moyoni: hapa walikuwa wanafunga mizigo, hapa wako barabarani, hapa pengine mtoto alilia na mama akamziba kwa titi.

Ningeweza kukata. Orodha ilikuwa inangojwa juu. Lakini niliandika maliza, nikavuta kiti, nikakaa pale alipokuwa anakaa Mwalimu. Sikuwa na njugu. Robo saa ikafika. Mlinzi akaandika saa yake, akaandika kwamba amefunga, akanyamaza. Na mimi niliyekuwa na haraka siku zote nilitamani angechukua hata nusu saa.

Nikachapa orodha. Kwa chumba chetu jina moja, langu, mara mbili. Nikampa sajini.

Kapteni alishuka bila sajini, karatasi mkononi. Alifunga mlango.

"Wewe tu?"

"Mimi tu, afande."

Alitazama taipu. Haikuwa inaandika. Kiyoyozi kinanguruma.

"Wamevuka?"

Nikachukua kadi zilizokuwa mezani, nikaanza kuzipanga upya.

"Binti, mutu nafanya kazi kila siku, hapana enda choo, hapana omba ruhusa ya matanga," akasema. "Hata mimi nalijua. Zamani sana." Akaketi. Bila miwani alikuwa kama mtu wa kawaida aliyechoka, mtu ambaye ungempisha kwenye foleni ya sukari. "Mama ya watoto nalizaa?"

"Msichana, afande."

"Muzuri."

Redio zilikuwa zimeanza kusema juu ya vita mpakani kusini, kila redio na lake, na malori ya jeshi yalikuwa yanashuka upande ule yamejaa, yanarudi matupu. Kapteni alikunja karatasi yangu mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kete.

"Mimi nataka kwenda nyumbani kuona mama yangu," akasema. "Mbali. Juu huko. Hapana kwa gari ya jeshi." Akanyosha kidole kwenye taipu. "Ile kazi ya kugonga saa. Jina yangu naweza kuingia?"

Hakuniamuru. Hilo ndilo lililonishtua. Alikuwa anaomba, na hakujua uso wa kuombea ukoje. Kapteni wetu alikuwa akipeleka ripoti yake kwa wakubwa wa juu zaidi, na orodha yangu ilikuwa inaambatanishwa humo. Nilielewa: karatasi ingesema yupo kazini wakati yeye yuko njiani.

"Inaweza, afande."

"Andika."

Nikawasha Mlinzi kwa jina lake. Alisimama nyuma yangu akingoja lijibu, na taipu ilipoandika alivuta pumzi kama mtu aliyesikia anaitwa. Akatoa mfukoni kipande cha sabuni, kipya, kimefungwa, akakiweka juu ya kadi. Akapanda ngazi polepole.

Kesho yake hakuja. Sajini naye, baada ya siku chache, sikumwona tena. Mimi nilikuja. Nikawasha tepu, nikangoja, nikawasha foleni, nikangoja, nikawasha Mlinzi kwa jina la kapteni. Nikachapa orodha, nikaipandisha mwenyewe, nikaiweka mezani kwake juu ya ile ya jana. Karani aliyekuwa na kazi ya kuziambatanisha bado alikuwa anazichukua. Halafu naye akaacha, na karatasi zikaanza kupangana. Ofisi ilikuwa imejaa jua na vumbi, miwani yake ameisahau dirishani.

Nimeendelea hivyo. Mizinga tunaisikia sasa, mbali, kama mtu anayesogeza kabati kwenye nyumba ya jirani. Jioni naandika maliza, nakaa namngoja, giza likiingia liingie. Mwalimu alikuwa na mkewe wa kuniambia inatosha, mwache apumzike. Huyu mwingine hakuniachia mtu, wala hakuniambia nyumbani kwao ni mji gani. Kwa hiyo sijui ni asubuhi ipi nisimwashe. Naandika jina lake herufi kwa herufi, na Mlinzi ananijibu saa.